Shule Iliyosubiri Mitumbwi

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae, maana nimekasirika na sitaki hasira hiyo ikuangukie wewe. Nilifundisha jiografia miaka mingi, na darasani nilijifunza kwamba mwenye hasira akirukia mwisho wa habari, wanaomsikiliza hubaki wakitazama mishipa ya shingo yake tu. Kwa hiyo nitakwenda polepole. Ukinielewa, nadhani utakasirika pamoja nami.

Habari yenyewe ni ya shule ya sekondari ya kanisa iliyokuwa juu ya kilima, kaskazini ya mji wa Kigoma, mahali ambapo ukitoka darasani unaliona ziwa mpaka milima ya Kongo. Sasa si shule tena. Mabweni yamekuwa ghala la saruji, maabara imekodishwa kwa fundi wa kuchomelea mageti, na kwenye kibaraza cha ofisi ya mkuu, mke wa mlinzi huanika nguo. Hayo hayakunikasirisha. Majengo hubadilishwa kazi kama watu. Kilichonikasirisha ni sentensi moja.

Kanisa letu lilikuwa likijiandaa kwa jubilei, na kamati ikaandika kijitabu cha historia. Kuhusu shule, rasimu ilisema kwamba ilifungwa kwa sababu ya utoro wa kudumu wa wanafunzi kutoka vijiji vya mwambao. Basi. Nukta, halafu picha ya kwaya.

Ili uuone ubaya wa mstari huo, lazima kwanza nikueleze jinsi watu wa mwambao wanavyoishi na mwezi.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola, na dagaa huifuata taa mpaka wavu ukawazoa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haina kazi. Kwa hiyo kila mwezi una siku zake za giza, ambapo kila mtumbwi, kila injini na kila mkono unahitajika, na una siku zake za mbalamwezi, ambapo nyavu hushonwa, harusi hufungwa na wagonjwa hupelekwa mjini.

Sasa chukua kijiji kama Kagunga, kule juu karibu na mpaka wa Burundi. Miaka ninayoisema, mtu wa Kagunga alikuja mjini kwa maji. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari alitakiwa kumsafirisha pamoja na godoro, sanduku la bati, ndoo, jembe na gunia la unga wa muhogo. Hiyo si safari ya kujibanza kwenye boti ya abiria. Inataka mtumbwi mzima, na mtumbwi mzima ulipatikana siku za mwezi tu. Tena siku za giza mtoto mwenyewe alikuwa mchangani na mama yake, akianika dagaa na kuwageuza kabla mvua haijawakuta. Ukimwita mtoto huyo mvivu, mwite mvivu pia mkulima wa Kasulu asiyeondoka nyumbani wakati maharage yake yanataka kuvunwa.

Mkuu wa kwanza wa shule alikuwa padre mfupi mwenye sauti ya chini, na jambo hili alilielewa bila semina. Muhula wa kwanza kabisa, kama tulivyosimuliwa na walimu waliotutangulia pale, alifungua siku iliyopangwa akakuta nusu ya madawati hayana watu. Hakuandika barua ya onyo. Aliteremka Kibirizi, ufukwe wa mitumbwi, akawauliza akina mama waliokuwa wakipakia chumvi:

"Watoto wangu wako wapi?"

"Subiri mwezi, Padre," walimjibu. "Utawachoka."

Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wetu. Siku ya serikali tulifungua kama shule zote, kengele ikagongwa, wa mjini wakaanza kwa marudio ya muhula uliopita. Lakini rejista haikufungwa. Iliachwa wazi mpaka mwezi ujae na mitumbwi ya mwambao ifike. Siku hiyo wanafunzi wa mjini waliteremka kuwapokea wenzao, wakapandisha kilima na magodoro kichwani, na jikoni ukasongwa ugali wa kula na migebuka iliyoletwa na wavuvi wenyewe. Vipindi vilivyokosekana tulivifidia asubuhi na Jumamosi, bila malalamiko makubwa.

Wazazi wa Ujiji, Waislamu waliotuletea binti zao kwa sababu ya maabara, walicheka sana. Baba mmoja alinisimamisha getini.

"Mwalimu, nasikia kanisa nalo limeanza kuandama mwezi?"

"Kidogo tu, mzee."

"Karibuni. Mkibishana kama umeonekana au haujaonekana, njooni kwetu, sisi tuna uzoefu."

Mimi nilikuwa mgeni, nimetoka nyanda za juu kusini na cheti changu kipya, na mwanzoni niliona ni fujo. Muhula wa pili nikaacha kuona hivyo. Wanafunzi wa mwambao hawakuwa nyuma ya wa mjini hata kidogo. Mtoto aliyezoea kukadiria upepo na umbali kwa macho humfundishi ramani kwa shida. Unampa tu majina ya vitu anavyovijua.

Padre akazeeka, akahamishwa. Tukaletewa mkuu mpya kutoka mkoa mwingine. Alikuwa msomi, mwaminifu, mtu wa kuamka saa kumi na moja na kukagua vyoo mwenyewe. Nasema hivi ili usidhani shule iliuawa na mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya, tungemkataa.

Katika kikao chake cha kwanza cha walimu alisema, "Shule haiendeshwi na mwezi. Rejista itafungwa siku ya tatu, saa nane mchana. Asiyekuwepo ataandikwa mtoro, na nafasi yake apewe mwingine."

Mwalimu mmoja wa zamani, jirani yangu kwenye benchi, alininong'oneza, "Na samaki nao wamepelekewa tangazo?" Tukacheka kwa pua. Kisha mkuu akauliza kama kuna mwenye swali, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi sikunyoosha. Nilijua kila kitu ambacho nimekueleza hapo juu, na nilinyamaza, kwa sababu mkuu alikuwa mgeni na mimi nilitaka anione mwalimu makini.

Siku ya tatu, saa nane mchana, nikakaa na rejista ya kidato cha tatu. Kila jina la mwambao nililiandikia neno moja pembeni: Mtoro. Mwandiko wangu ni mzuri, watu husema. Niliandika vizuri.

Baada ya siku kadhaa mwezi ulijaa na mitumbwi ikaja. Mmoja ulimleta binti wa Kagunga, mchoraji wa ramani safi kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Baba yake alipanda naye kilima, suruali imekunjwa magotini na bado imelowa, akalitua godoro mbele ya ofisi.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimemleta."

"Mzee, rejista imefungwa."

"Ifungue."

Nilimweleza utaratibu mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri injini ipoe.

"Mwalimu, mwezi siuwashi mimi."

"Najua, mzee. Ndiyo kanuni ya sasa."

"Mwaka jana wewe uliteremka Kibirizi, ukambebea ndoo huyu. Uyu ni umwana wanje, mwanangu yule yule. Hajabadilika. Kilichobadilika ni nini?"

Nikamwambia ajaribu mwakani. Alimtazama binti yake, akainama kulichukua godoro. Binti hakuondoka mara moja. Alikuwa akiitazama rejista iliyokuwa wazi juu ya meza yangu.

"Mwalimu, kwenye jina langu umeandika nini?"

Nikaifunga. Nafasi yake akapewa mtoto wa ofisa mmoja wa mjini, ambaye mwaka uliofuata alihama na wazazi wake.

Mtumbwi haurudi ufukwe ulikofukuzwa. Muhula uliofuata ilikuja michache, baadaye hakuna. Madawati ya mwambao yalibaki wazi, na wa mjini nao, shule za kata zilipofunguliwa karibu na nyumbani kwao, hawakuwa na sababu ya kupanda kilima. Kanisa lilijitahidi kwa muda, likashindwa, likafunga. Kwa hiyo sisemi kwamba kanuni ya siku ya tatu ndiyo sababu pekee. Nasema ilikuwa sababu ya kwanza, na ilitoka ofisini mwetu, si ziwani.

Baada ya kustaafu nilibaki Kigoma, nikajenga mtaa wa Buzebazeba. Siku moja nilipita kule kilimani nikamkuta mlinzi anafungia karanga kwa karatasi za rejista zetu. Nikazichukua zilizosalia, nikazihifadhi kabatini. Na kamati ya jubilei ilipoundwa, katibu wake, mtumishi wa serikali mpole aliyehamia hapa juzijuzi, alikuja kuniomba rejista hizo kwa ajili ya utafiti. Nilimpa kwa furaha. Nilimwekea na chai. Nilimwambia, "Humu mna historia yote."

Kilichofuata nilikijua alasiri moja, nilipobishiwa hodi na mwanamke mnene, mwenye khanga ya kazi inayonukia dagaa. Alipiga magoti kidogo, akaniamkia, akangoja kama nitamtambua. Nilimtambua kwa jinsi alivyokitazama kitabu nilichoshika. Alikuwa yule binti wa Kagunga. Siku hizi ni mfanyabiashara wa dagaa wakavu hapo Kibirizi, mmoja wa wale ambao wakikohoa bei inapanda.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza swali langu la zamani," alisema. "Nadhani jibu nimelipata kwa mtoto wangu."

Binti yake anachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini. Kamati ilipeleka rasimu ya kijitabu huko huko. Binti akachapa mpaka akafika kwenye ule mstari, akaacha, akampigia mama yake simu. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba mama alifika shuleni na godoro akarudishwa. Kwa neno hilo alisomeshwa kwa ukali, kila alipotaka kukosa shule aliambiwa, "Mimi nilifukuzwa mlangoni, wewe mlango uko wazi unasinzia?" Sasa kitabu cha kanisa kinasema watoto wa kwao walikuwa watoro.

"Unajua ameniuliza nini?" mama alisema. "Kaniuliza, 'Mama, kumbe?' Neno moja tu. 'Kumbe?' Nimembeba, nimemlea, nimemsomesha kwa harufu hii unayoisikia. Nataka kitabu kisiseme uongo, Mwalimu. Sitaki kingine."

Nilimwahidi. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilidhani ni kosa la katibu mgeni, na kwamba nikimweleza habari ya mwezi kama nilivyokueleza wewe, atafuta mstari na kuomba radhi. Jumamosi tukaenda wote wawili kwenye kikao cha kamati, ukumbi wa parokia. Mwenyekiti alikuwa mzee wa rika langu, mtoto wa mjini, ambaye mdogo wake wa mwisho alisoma kwetu na alikuwa mmoja wa wabebaji wa magodoro. Nikasimama, nikaeleza. Dagaa, giza, mtumbwi mzima, rejista iliyoachwa wazi. Katibu aliandika yote. Kisha, kwa adabu sana, akafungua begi lake akatoa rejista.

"Mwalimu, nashukuru kwa maelezo. Ila mimi sikutunga. Neno 'Mtoro' limeandikwa humu, ukurasa kwa ukurasa, kwa watoto wa mwambao tu. Naomba unisaidie, mwandiko huu ni wa nani?"

Ukumbi wote ukanitazama mimi. Yule mama hakunitazama. Aliitazama rejista, na safari hii hakuna aliyeifunga.

"Ni wangu," nilisema.

"Basi," alisema mwenyekiti, akiwa na huruma ambayo sikuitaka. "Tusifukue mambo, Mwalimu. Historia ndefu watu hawasomi."

"Punguza picha za kwaya," nilimjibu. "Ziko nne."

Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Alisimama, akaomba kusema neno, na kwa kuwa hakusubiri kukubaliwa akalisema.

"Mimi ni mmoja wa hao walioandikwa. Nilifika. Siku niliyofika ilikuwa ya mwezi mpevu kama kila mwaka, na kila mwaka tulipokelewa kwa ugali. Nawauliza ninyi wa kanisa: Pasaka mnaihesabu kwa mwezi, si ndiyo? Mwaka huu mapema, mwaka ujao inachelewa. Mbona hamjaiandika mtoro?"

Hapo hata katibu aliweka kalamu chini. Mwenyekiti alikohoa, akasema hoja imepokelewa, mstari utaangaliwa upya. Tulitoka na ahadi hiyo. Njiani nikamwambia ninasikitika. Alinijibu kama anavyowajibu wateja wake, bila ukali na bila punguzo: "Najua, Mwalimu. Lakini masikitiko yako mtoto wangu hayasomi."

Jubilei ikafika. Vijitabu vikagawiwa baada ya ibada, karatasi inang'aa, picha za kwaya zote nne zimo. Nikafungua ukurasa wa shule. Neno utoro walikuwa wameliondoa, ni kweli. Mahali pake wameweka haya: shule ilifungwa kutokana na mwamko mdogo wa elimu miongoni mwa jamii za mwambao.

Nakuomba uyasome tena maneno hayo, polepole, uone yalivyo laini. Mtoro angalau ni mtu mmoja, anaweza kusimama akasema mimi nilifika. Mwamko mdogo hauna jina wala uso wa kujitetea. Ni maneno ya mtu wa ofisini anayetaka kosa lake libebwe na kijiji. Watu waliokesha ziwani, wakasafiri ziwa hilo hilo na godoro na gunia la unga ili mtoto asome, ndio wanaambiwa hawajaamka. Na sisi tuliokuwa na ufunguo wa mlango tunapigwa picha tukiwa na keki.

Mwenyekiti alipita karibu yangu, akanishika bega. "Umeona? Tumelainisha."

"Mmelainisha kwa ajili ya nani?" niliuliza. Alidhani ninatania, akaendelea kusalimia watu.

Mama wa Kagunga alikuwa amesimama chini ya ngazi na binti yake, kila mmoja na nakala yake. Binti alikuwa ameshasoma. Alinisalimia kwa heshima, lakini kwa macho ya mtu anayepima maneno mawili, la mama yake na la kitabu. Mama akaninyooshea kijitabu chake.

"Mwandiko wako ndio walioufuata," alisema. "Basi andika tena."

Nikaomba kalamu kwa katibu, naye akanipa bila kuuliza, nadhani kwa sababu alijua ninachotaka kuandika. Nikaweka kijitabu kwenye ukuta wa ngazi, mbele za watu waliokuwa wakitoka, nikayakata maneno ya mwamko mdogo. Juu yake nikaandika kwamba watoto wa mwambao walifika kwa mitumbwi ya siku za mwezi, kama walivyoruhusiwa tangu shule ianze. Kwamba sisi tulifunga rejista siku ya tatu bila kuwaambia. Na kwamba aliyewaandika watoro ni mimi. Nikataja cheo changu cha wakati ule, nikatia sahihi.

Binti alinyoosha mkono akakichukua. Alisoma akiwa amesimama, midomo inatembea, kama wachapaji wanavyosoma. Alipomaliza alikishusha. Alimgeukia mama yake akamuuliza, "Ulikuwa umebeba na godoro?" Mama akasema, "Baba alibeba. Mimi nilibeba ndoo." Wakaondoka wakiizungumzia ndoo hiyo, na mimi nikabaki na kalamu ya katibu.

Nakala zile ni nyingi, zimeenda Ujiji, zimeenda Kasulu, nyingine zimepanda mitumbwi mpaka kwenye vijiji vile vile vinavyotukanwa ndani yake. Siwezi kuzifuata zote, na kamati imeniambia hakuna toleo la pili. Kwa hiyo nakuomba wewe unisaidie. Ukikutana na kijitabu hicho, chako au cha jirani aliyekubali, fungua ukurasa wa shule. Chora mstari mmoja juu ya maneno "mwamko mdogo wa elimu," mwembamba, ili bado yasomeke na watu wajue tulichoandika. Pembeni andika: "Walifika. Rejista ilikuwa imefungwa." Weka jina lako na tarehe, kisha mrudishie mwenyewe.